Kichuguu cha Kukhu Nekesa

Siku ile sijaisahau, mwanangu. Kila mvua ya Aprili ikianza kugonga mabati naikumbuka upya, na nakasirika upya. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua hatujaachana sana kwa umri, lakini mimi ni mama yako mdogo, na mama yako ameniambia umepata kazi ya kusimamia nyumba ya wageni kule upande wa Cheptais. Basi keti nikwambie. Sijasomea kazi hiyo na mvi bado sina, ila kuna jambo nililolijua kwa kuaibika, na sitaki wewe ulijue kwa njia hiyo.

Nilikuwa na umri kama wako nilipokabidhiwa funguo za nyumba ya Bwana Barasa, nje kidogo ya Kitale, mahali ambapo Mlima Elgon huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Ilikuwa nyumba kuukuu ya walowezi, yenye veranda pana na uwanja wa nyasi mbele. Mwenyewe aliishi Nairobi. Watu wa mjini walikuja kupumzika hapo, hasa wakati wa Pasaka, majira ambayo sisi huku tuko shambani tunapanda mahindi na hakuna anayekumbuka neno kupumzika.

Kazi nilijifundisha. Nilikusanya magazeti ya zamani yenye picha za meza zilizoandaliwa, nikaiga. Nilipima kwa rula nafasi kati ya uma na kisu. Mvua zikikaribia nilianika magodoro yote juani, nikazibua mifereji ya paa, nikapanga kuni chini ya veranda zisiloe, kisha nikazipanga tena kwa sababu ncha hazikulingana. Mgeni akikohoa, nilidhani ni supu yangu. Nakwambia ukweli: nilikuwa mtu wa kuogopa. Nilisafisha sana kwa sababu niliogopa sana.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Katikati ya uwanja ule wa nyasi kulikuwa na kichuguu, kirefu kupita kiuno changu, na hakikuwa cha Bwana Barasa. Shamba lile marehemu baba yake alilinunua kwa mume wa jirani yetu, Kukhu Nekesa. Kukhu, kama tunavyoita bibi kwetu, alikuwa akivuna kumbikumbi pale tangu alipoolewa. Wazee wale wawili walipokubaliana, mwenye shamba alisema ardhi chukua, lakini kichuguu kinabaki cha mke wangu. Mnunuzi akakubali mbele ya watu, wakala pamoja. Kwa Wabukusu hilo si jambo la ajabu. Mtu anaweza kuuza shamba na akabaki na kichuguu chake.

Basi kila Aprili, mvua zikishanyesha siku kadhaa na ardhi ikalainika, Kukhu alipita langoni bila kubisha. Alibeba fito, blanketi kuukuu, chungu na vijiti viwili. Alikifunika kichuguu, akaacha tundu moja penye chungu, kisha akakaa chini na kupiga vijiti juu ya kipande cha gogo, taratibu, kama mvua inayoanza, ili kumbikumbi wadhani wakati wao umefika.

Mimi nilikionea haya kichuguu kile. Nilikizungushia mawe niliyoyapaka chokaa. Nikapanda maua. Kukhu aliyaona maua hayo akanicheka mpaka akashika mbavu. "Nafula! Sasa umevalisha chiswa nguo ya harusi?" Chiswa ndilo jina la kumbikumbi kwa Kibukusu.

Pasaka ile tulipokea familia moja kutoka Nairobi. Nitamwita mama yao Madam, kwa kuwa ndivyo alivyotaka kuitwa. Nilikuwa nimeandaa chakula cha mchana kwenye veranda: kuku wa kuoka, viazi, vitambaa vimekunjwa kama bawa la ndege. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Ndipo Kukhu akaingia na mzigo wake. Dakika chache baadaye tukasikia, ko-ko-ko, ko-ko-ko.

"Hiyo ni nini?" Madam akauliza.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

"Wadudu? Hapa mbele yetu tukikula? Dada, sisi tumekuja kutafuta utulivu, si ngoma ya wadudu!"

Watoto wake walikuwa wameshakimbilia kichuguu na kuchuchumaa kando ya Kukhu, macho yamewatoka. Hilo likamchoma zaidi. Akachukua simu yake akampigia Bwana Barasa, rafiki yake, kisha akanisogezea sikioni.

"Nafula, mtoe huyo mama," akasema Bwana Barasa. "Mtoe sasa hivi. Na kesho natuma trekta iling'oe hilo lidude. Nimechoka nalo."

"Lakini mzee wako alisema ni—"

"Mzee wangu alishakufa. Wewe fanya kazi."

Mwanangu, mtu huyo alizaliwa Sirisia. Alikua akila kumbikumbi wa kukaanga kwa ugali kama mimi na wewe. Angekuwa mgeni asiyejua, ningemsamehe. Lakini alijua! Alijua kichuguu ni cha nani, alijua baba yake aliahidi nini, na akadhani ahadi huzikwa pamoja na aliyeitoa.

Na mimi? Nilishuka ngazi nikaenda kumtoa. Sitakudanganya. Hasira yangu ya leo siku hiyo haikuwepo. Kilichokuwepo ni kuku anayepoa mezani.

"Kukhu," nikasema, "wageni wanaomba upumzike kidogo. Rudi baadaye wakishakula."

Hakuacha kupiga. "Wageni gani?"

"Wale wa pale juu."

"Ah. Nilidhani unajisema wewe." Akaweka vijiti chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi niko kwangu, mama. Nilikaa hapa nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Wewe umesafisha madirisha, umesafisha mawe, hata kuni umezichana nywele. Sasa umemaliza vyote, umefika kwangu. Unataka kunisafisha na mimi?"

Wakati huohuo kumbikumbi wakaanza kutoka. Kwanza mmoja, akitembea na mabawa yake marefu kama anayeburuta shuka, kisha wengi, kisha tundu lote likachemka, chungu kikajaa, na waliokosa chungu wakapaa juu ya maua yangu ya kijinga, juani, waking'aa. Watoto wa Madam walipiga kelele za furaha. Nilikuwa nimeishi pale Aprili kadhaa na sikuwahi kuwaangalia. Kila mara nilikuwa nyuma ya nyumba natafuta ufagio wa kufagia mabawa.

Nikapanda verandani. Nikachukua kiti kimoja cha mezani, kile chenye mto, nikakishusha mpaka kwenye kichuguu. "Kaa hapa Kukhu," nikasema. "Umemaliza kukaa chini." Kisha nikamletea chai kwenye kikombe cha wageni. Madam akasema kwa sauti ya kusikika, "Haki ya Mungu, hii nayo sijawahi kuona." Mimi pia sikuwa nimewahi.

Asubuhi iliyofuata trekta ilikuja kutoka Moi's Bridge. Nilikuwa nimefunga lango kwa kufuli, ufunguo nimeuficha kifuani. Dereva akapiga honi.

"Dada, fungua!"

"Sifungui. Kichuguu si cha Barasa."

"Mimi nimetumwa kung'oa, sikutumwa kuamua kesi bana."

"Basi ngoja atakayeamua."

Akangoja. Akala mkate wake juu ya trekta, akaniangalia, akatazama mawingu. Mwishowe akasema ati kuna watu wanamngoja na mbegu mkononi, na Aprili haichezewi. Akageuza. Kuna mtu atakwambia nilikuwa jasiri. Kusema kweli muda wote nilikuwa nafikiria mikate niliyoiacha jikoni ikiungua.

Bwana Barasa alinifukuza kwa simu siku hiyohiyo. Nilirudi Sirisia na begi moja. Lakini habari ilikuwa imeshatembea. Kabla ya trekta nyingine kupatikana, kulitokea msiba kijijini kwetu Sirisia na Bwana Barasa akaja kuzika. Wazee waliokula ule mlo wa makubaliano walikuwa bado hai. Mmoja wao alisimama mbele ya watu akamuuliza swali moja tu: "Kijana, baba yako alisema nini kuhusu kichuguu?"

Wanasema alijibu, "Alisema ni cha yule mama."

Kichuguu kipo mpaka leo. Kukhu Nekesa bado anapita langoni bila kubisha. Bwana Barasa hajaniomba msamaha, wala kazi sikurudishiwa, na usidhani hasira imeisha. Siitaki iishe. Inanilinda nikiwa na vyumba vyangu viwili vya wageni hapa Sirisia, ambako bado napima uma kwa rula, lakini mlango wa mbele ni wa kila mtu.

Basi sikia, mwanangu. Ukipewa funguo kule Cheptais, kabla hujaanika godoro la kwanza, zunguka majirani uwaulize: hapa palikuwa pa nani, na wamebakisha nini ndani ya ua huu? Huenda ni kisima, huenda ni njia ya kwenda mtoni, huenda ni kaburi. Chochote walichobakisha, usikipambe na usikifiche. Mgeni akikilalamikia, mwambie kwa heshima kwamba mwenyewe yuko njiani anakuja, umwekee na kiti. Na aliyekuajiri akikuambia umtoe mtu kwake, mwambie hapana mara ya kwanza. Usingoje kama mimi, mpaka uaibishwe na bibi aliyekaa chini.

Mungu akupe mvua ya wakati wake na wageni wenye shukrani. Mikono yako isikose kazi, na hofu ya moyo wako isizidi usafi wa nyumba yako. Na wenyeji waingie langoni pako bila kubisha.