Dereva Aliyengoja Dawa

Miaka ile ya vita nilipanda mbele kwenye Fuso ya mume wangu kwa sababu ya woga. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia pembeni. Mbele aliona hata nzi juu ya kioo, lakini kando hapakuwa na kitu. Abiria waliokaa nyuma juu ya magunia yao walidhani nasindikiza maharage yangu kutoka Kibua hadi Sake. Kumbe kazi yangu ilikuwa kumnong'oneza: "Mbuzi kuume. Mama na mutoto kushoto."

Daktari wa Goma alikuwa ametueleza kwamba ugonjwa uko kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kwamba hauna dawa. Mume wangu akauliza, hata kwa Wazungu? Hapo daktari, kwa huruma yake, akaharibu kila kitu.

"Kule wanajaribu," alisema. "Kuko seli changa, zinatoa maji yenye kulisha zingine zenye zimechoka. Wanataka kutia ile maji mu jicho, ili retine isiendelee kufa. Lakini Papa, iko bado kujaribu tu. Uache volani, uache kuendesha."

Mume wangu alisikia "wanajaribu". Yaliyofuata hayakumwingia. Kila nilipomsihi, alijibu, "Mama, dawa itafika. Univumilie kidogo." Nilimchukia yule daktari na maji yake. Bila tumaini lile, mume wangu angeshakaa nyumbani.

Nilichoogopa zaidi ni vizuizi. Vingine vilikuwa na kamba katikati ya barabara, hivyo aliviona. Vingine vilikuwa mtu mmoja tu mwenye bunduki, amesimama kando, ameinua mkono.

Karibu na Bihambwe, mchana kweupe, niliinama kufunga kiatu changu. Nilipoinua kichwa, tulikuwa tumeshampita mmoja.

"Simama!" nililia.

Akakanyaga breki. Mwenye bunduki akaja mbio hadi dirishani, anatweta kwa hasira. "Nakusimamisha, unapita? Unanizarau?"

"Sikukuona, Papa," mume wangu alisema. Ulikuwa ukweli mtupu.

"Hukuniona! Miye iko muti?" Akaikoki bunduki.

Siri niliyoificha miaka yote ile niliitoa kwa sauti ambayo hata abiria wa juu ya magunia waliisikia. "Shefu, iko kipofu! Haone pembeni! Umupime!"

Mume wangu alinigeukia kana kwamba nimemuuza. Yule mtu akacheka, akamwamuru atazame mbele. Kisha akapitisha mkono dirishani na kuvifungua vidole vyake karibu kabisa na sikio la mume wangu.

"Vidole ngapi?"

Mume wangu alitazama barabara, ametulia. Nikamwomba Mungu asibahatishe.

"Shefu, sijakatala kujibu," alisema kwa upole. "Utanionyesha vidole saa ngapi?"

Bunduki ikashuka. Nyuma yetu nikasikia abiria wanaanza kuteremsha magunia yao.