Mashavu ya Mpiga Zumari

Miaka kumi na miwili fundi cherehani alipiga ngoma katika kikundi cha mtaani, huku wivu ukimtafuna, kwani shangwe zote zilikuwa za mpiga zumari. Jioni moja aliharakisha mdundo makusudi ili mwenzake aishiwe pumzi mbele za watu. Kumbe zumari likapaa, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Leo, uzeeni, anatunga uzi sindanoni, mkewe anacheka peke yake.

"Baba watoto, siku ile mashavu yake yalivyotuna, acha tu!"

"Mimi ndiye niliyemkimbiza!"

"Najua. Ulitaka akwame. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe tu."

Fundi akatabasamu, kisha sindano ikamchoma kidole.

"Sasa hayo mashavu uliyaonaje?"