Jogoo Wawili wa Mama Philomène

Mama Philomène alikuwa mfagizi wa kanisa dogo la mbao pale Murara, mtaa wa Goma, na ole wake mtu aliyemwita mfagizi.

"Mimi niko Mulawi," angejibu, ufagio mkononi. "Kule jangwani kulikuwa Walawi wa kubeba sanduku la agano, na kulikuwa wengine wa kubeba vigingi na kamba za hema. Mungu aliwaita wote."

Na kweli, vumbi jeusi la mawe ya volkano halikuwa na raha mbele yake. Kila Jumamosi alilifukuza mpaka barabarani, na Jumapili alisimama mlangoni kukagua viatu vya waumini.

Mtu mmoja tu alimshinda: Mama Clarisse, mwanamke wa Butembo, kiongozi wa kwaya ya akina mama. Siku moja, katikati ya kikao, Clarisse alipitisha kidole juu ya benchi, akakiangalia, akakionyesha kwa wenzake, kimejaa vumbi. Tangu hapo salamu zilikatika. Philomène alimchukia kwa bidii ileile aliyofagilia.

Basi Jumapili moja Pasta Damien akafundisha kwamba Mungu hapewi mnyama kilema. "Siku ya mavuno," akauliza, "nani ataleta kile moyo wake unapenda kupita vyote?"

Clarisse akageuka, akamtazama Philomène, akatabasamu kidogo. Hayo tu. Philomène akajikuta amesimama.

"Mimi nitatoa Waziri!"

Waziri alikuwa jogoo wake mwekundu. Alipokimbia vita Masisi, Philomène alimbeba akiwa kifaranga, amemfunga kifuani ndani ya kitenge, na katika vyote vilivyotoka nyumbani ni yeye tu aliyefika Goma. Alimpenda, basi. Na kila mtu alijua desturi: ibada ikiisha, matoleo yanapigwa mnada uani, na jogoo mnene namna ile angelala kwenye sufuria siku hiyohiyo.

Akajuta wiki nzima. Jumamosi akashuka sokoni Birere, akanunua jogoo mwingine, mwekundu naye, lakini mwembamba kama mtu aliyetoka kufunga na kuomba. Asubuhi ya mavuno akamfunga Waziri kwenye mguu wa kitanda kwa kipande cha kitenge, akaenda kanisani na yule wa Birere, uso umejaa utakatifu.

Pasta akampokea jogoo, akampima mkononi. "Mama Philo, Waziri amekonda hivi?"

"Anafunga, Pasta. Alijua anaenda kwa Mungu."

Watu wakacheka, na pengine jambo lingeishia pale. Lakini ngoma ya kwaya ikaanza, na Waziri, ambaye nyumba yake iligusana na ukuta wa kanisa, hakuwahi kusikia ngoma ile akanyamaza. Akawika. Akawika tena, karibu zaidi. Kisha akaingia kwa mlango wa pembeni, akiburuta kipande cha kitenge chenye rangi zilezile za kile Mama Philo alichojifunga kichwani, akaenda moja kwa moja mpaka madhabahuni kumpiga mgeni wake. Njia ya mwongo ni fupi.

Pasta Damien hakugomba. Alifungua kitabu cha Walawi, akawaeleza waumini sheria ya zamani: mtu akimwahidi Mungu mnyama, asimbadilishe, akithubutu kumbadilisha, basi yule wa kwanza na yule wa pili wote ni wa Bwana.

"Wote wawili, Mama Philo," akasema kwa upole.

Kanisa zima likaangua kicheko. Philomène akachukua ufagio, akatoka, akaenda kufagia nyuma ya kanisa mahali palipokuwa safi tangu jana. Hakutaka kuona mnada, ila masikio hayana mlango. Papa Josias, mpiga mnada, alikuwa akipaza sauti: "Huyu Waziri anaimba kupita kwaya! Nani anaongeza?" Na kila mara sauti moja ikaongeza. Philomène aliijua vizuri.

"Atamukula," akawaza, roho ikimuuma, "na mifupa atanitumia mimi."

Clarisse akatokea kwenye kona, Waziri kwapani. Akamweka mikononi mwa Philomène.

"Shika."

"Juu ya nini unanirudishia?"

"Kwa Waisraeli, mutu akipoteza kitu yake, ndugu yake wa karibu anaikomboa. Ndugu zako wote walibakia Masisi. Ulitaka nani mwingine aje?"

Philomène akamkumbatia jogoo wake. Machozi yakamtoka, nusu ya furaha, nusu ya hasira.

"Mama Clarisse," akasema, "sasa nitakuchukia namna gani?"

"Jaribu kesho," Clarisse akajibu. "Leo ni siku ya Bwana."