Kumtafuta Padre Kolumba Vanuatu

Mama alinituma Vanuatu kwa sababu kaka yangu, Padre Kolumba, mmisionari huko, alikuwa hajapiga simu mwaka mzima. "Kama amekufa, nijue," alisema, akaendelea kuanika mdalasini wetu pale Kinole.

Stendi ya Msamvu nilipanda basi la alfajiri. Kutoka Dar es Salaam nilibadili ndege mara mbili, na siku ya tatu nikatua Port Vila, mji mkuu. Nchi ile ni visiwa vingi vya milima na volkano katikati ya Pasifiki. Zamani Waingereza na Wafaransa waliitawala kwa pamoja, kwa hiyo kulikuwa na polisi wa aina mbili na magereza ya aina mbili. Sasa ina bunge lake, nalo hupenda kubadili serikali. Nilimuuliza dereva wa teksi waziri mkuu ni nani.

"Leo?" akaniuliza.

Kisiwa cha Santo, kwenye parokia ya kaka, nilikifikia kwa ndege ndogo. Watu wa huko wanaishi kwa nazi kavu, kakao, ng'ombe na kava, mizizi inayotwangwa ikawa kinywaji cha kutia ganzi mdomoni. Ardhi ni ya koo, kama kwetu Uluguru, na ugomvi wa mipaka nao ni kama wa kwetu.

Parokiani nilimkuta Kolumba anapasua nazi, amenipa mgongo. Nilimwita mara tatu. Hakugeuka.

"Padre hasikii tena," katekista wake, Mama Rosali, aliniambia. "Masikio yote mawili."

"Na maungamo je?"

"Foleni ni ndefu kuliko zamani."

Nilimgusa bega. Alinitambua, akalia, nami nikalia. Kisha nikamwandikia kwenye daftari: Kwa nini hukutuambia?

Alijibu kwa sauti kubwa mno, kuku wakakimbia. "Mama angesema nirudi. Na mimi ningerudi."

Nilikaa naye siku tisa. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumrudisha, nikaondoka nayo bila kuyasema.

Niliporudi Kinole, nilianza kumsimulia Mama habari za volkano na bunge. Alitaka habari moja tu, nikampa. Akauweka chini ungo wa mdalasini.

"Kwa hiyo nikipiga simu hatasikia."

"Hatasikia, Mama."

"Chukua kalamu. Andika: Marahaba, mwanangu."

"Lakini hajakuamkia."

"Huko aliko ananiamkia kila siku," alisema. "Andika."