Mugeni wa Pangi Atalala Wapi

Arusi ya mutoto wa mudogo wangu ilipokaribia, miye njo nilipewa kazi ya wageni wa mbali. Si kwa sababu najua kuandika. Nilifika darasa la nne, baba akasema kwa mutoto mwanamuke hiyo imetosha. Lakini nyumba yangu iko Alunguli, upande ule barabara za Pangi na Punia zinafikia, na kila anayetoka kule atanikuta miye kwanza, ndipo aukute muto. Komite ya arusi ikasema: mama mukubwa atawaeleza wageni namna ya kufika, tena atawagawia mahali pa kulala. Bibi-arusi mwenyewe akaniwekea simu mbele ya mudomo.

"Sema tu, mama mukubwa. Sauti yako itawafikia wote kwa mara moja."

Nikasema. Wa Punia niliwaambia watoke na koti la mvua hata kama jua linawaka, na kwenye madaraja ya miti washuke, wavuke kwa miguu, mwenye pikipiki apite peke yake na ujinga wake. Wa Pangi niliwaambia viatu vya arusi vikae ndani ya mufuko wa plastiki mupaka mulango wa kanisa, maana matope ya Alunguli hayajui sikukuu. Kanisa na karamu viko ng'ambo ya muto, kwa hiyo siku yenyewe wavuke mapema, mitumbwi isijajazwa na watu wa soko. Mama wenye vikwembe vipya vya kitenge wasikae nyuma karibu na mashine, mafuta yatawarukia. Chandarua, kila muntu na chake. Simu watachaji kwa jirani mwenye sola, lakini wamusalimie kwanza, ana kiburi yule.

"Mama mukubwa, unawatisha watu!" bibi-arusi alicheka.

"Nawatisha wapi? Asiyeambiwa njo anayetishika."

Akaendelea kunitajia watu na nyumba zao, huyu kwa fulani, yule kwa fulani, na miye narudia kwenye simu. Mwisho akasema: "Na dada wa Pangi, mutoto wa shangazi yangu marehemu, atalala kwako. Wewe njo una nyumba kubwa."

"Huyo hapana. Huyo atalala kwa jirani."

"Kwa nini? Si wewe njo ulimushika ukamulea wakati wa vita, alipokuwa mudogo?"

Ni kweli, nilimushika. Na sababu ya kumushika njo ile ile ya kutotaka alale kwangu.

Wakati wa vita mudogo wangu aliolewa na kijana wa Pangi. Watu wanauliza leo, mulifanyaje arusi na masasi yanalia? Tuliifanya kama tulivyokuwa tunazaa watoto. Wageni wakatoka Pangi kwa miguu. Kati yao alikuwa dada ya bwana-arusi, mutoto wake wa kike mugongoni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kilega njo kilijaa. Akicheka aliziba mudomo kwa mukono. Tulimulaza kwetu, hapa hapa Alunguli. Tukacheza, tukala kuku waliobaki, na wageni wakaanza kufunga mizigo ya kurudi.

Hapo njia ikafungwa. Askari walioshika muji walisema hakuna kutoka. Vijana wa pori walisema kila anayetoka mujini ni adui. Wageni wengine walijitafutia njia, wakapita au hawakupita, sijui. Huyu mwenye mutoto alibaki. Mudogo wangu naye alikuwa ng'ambo na bwana yake, chumba kimoja, hawakuwa na pa kumuweka. Mugeni wa siku mbili akawa muntu wa nyumba yetu, mwezi ukaingia, mwingine ukatoka.

Njaa ya wakati ule siwezi kuieleza kwa muntu aliyeshiba. Shamba letu la muhogo lilikuwa nyuma ya michikichi, karibu tu, lakini kwenda ilikuwa kubahatisha. Ukikutana na watu wa pori, wewe ni mupelelezi wa mujini. Ukirudi na kikapo, askari wa bariere, kile kizuizi chao cha njiani, wanasema unapelekea pori chakula. Wanawake walikuwa wanangojana, wanakwenda kwa kundi, tena kwa njia ya kuzunguka.

Bwana yangu alikuwa na neno lake la kila jioni. Alikuwa anatafuna na kulisema: "Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe." Mujomba wake aliyekaa nasi alikuwa anacheka mupaka anakohoa. Mugeni pia alicheka, mukono mudomoni, maana alisikia neno mugeni, akajua anatajwa. Miye nilikuwa napika wakati yeye amekwenda kuchota maji. Uji nilikuwa naufunika chini ya kikapo. Mudogo wangu aliwahi kuvuka, akanivuta pembeni: "Yaya, wewe mukubwa wangu, mupe shemeji hata uji, mutoto ananyonya kifua kikavu." Nikamujibu: "Uji wa wapi? Ukiona uji katika nyumba hii, niite na miye nikaone."

Asubuhi moja nililiegemeza jembe kwenye mulango wa chumba chake. Alitoka, akaliona, akaniangalia. Alielewa vizuri, kumbe lile neno la bwana yangu alikuwa amelielewa zamani. Akanipa mutoto.

"Shamba iko wapi?"

Nikamuonyesha kwa mukono. Pita nyuma ya michikichi, shika njia ya kushoto, muhogo wetu utauona. Nilimwelekeza vizuri kabisa. Sikumwambia kwamba njia ile wanawake wameiacha, wala kwamba angojee wenzake. Nilijua, nikanyamaza. Sikutaka afe, Mungu anajua. Nilitaka tu siku moja ipite bila macho yake kwenye chungu changu.

Hakurudi. Wanawake walisema walisikia bunduki upande wa michikichi, na hakuna aliyekwenda kutazama. Mutoto alikaa kwangu mupaka njia ilipofunguka, bibi yake akaja kumuchukua. Nilimwambia bibi: alijisikia haya kula bure, akajitolea mwenyewe kwenda shamba. Kila muntu akaamini, maana njo namna ya muntu mwenye tabia nzuri.

Wenye kosa nawajua, na siogopi kuwataja. Mukubwa wa askari aliyefunga njia na huku anawapitisha wafanyabiashara wake, wa kwanza. Vijana wa pori waliosema wanatulinda, na waliolindwa wakazikwa bila sanda. Mujomba wa bwana yangu, aliyekuwa na muchele chini ya kitanda na alikuwa anaupika kwa rafiki zake tukisali. Bwana yangu na neno lake. Wote hao, kwangu hawana kusamehewa. Lakini askari hawakujua mulango wa chumba kile uko wapi. Aliyejua ni miye.

Basi sauti yangu ikaenda Pangi: dada wa Pangi, kwa jirani.

Alifika wa kwanza, mbele ya wengine, kikwembe kimelowa mupaka kiunoni, kuku chini ya kwapa na kibuyu cha mawese. Alimupita jirani, akaja moja kwa moja kwangu. Nilimuona mulangoni. Ni mama yake kabisa.

"Mama mukubwa, nimesikia sauti yako," alisema. "Kila muntu umemupanga kwa ndugu, miye umenitupa kwa watu wa sola! Nikasema, huyu mama amezeeka, amekosea." Akacheka. Mukono ukapanda mudomoni.

Nikampokea kuku.

Hakukaa chini. Muda mudogo tu nikasikia ufagio uani. Nilitoka mbio nikamunyang'anya. "Weka! Mugeni hafanyi kazi kwangu!" Sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Alishituka kama mutoto aliyevunja sahani.

Jirani, kichwa juu ya ukuta, akaingilia: "Umuache afagie, mama! Si njo tunasema, mugeni siku mbili..."

"Wewe, urudi kwenye sola yako!"

Wakacheka wote wawili. Walifikiri nafanya mazoea ya wazee.

Siku ya pili tulikaa uani tunatwanga ndizi zilizochemshwa za lituma, yale mabonge ya karamu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali. Nani alimutuma mama yake, alipita wapi, jembe lilikuwa la nani. Nilikuwa nimesema moyoni: akiuliza hilo, nitajibu, na anitemee mate kama anataka. Alitwanga kwanza kwa muda, kisha akasema bila kuniangalia:

"Mama mukubwa, siku ile mama yangu anatoka hapa. Alikuwa amekula?"

Hilo sikulitayarisha.

Uji ulikuwapo siku ile. Ulikuwa chini ya kikapo, na bado wa moto.

"Alikula," nikasema.

"Kitu gani?"

"Uji. Uji wa muchele. Mulikula pamoja naye, sahani moja. Wewe ulimwaga kidogo, akakucheka."

Uongo ukishapata mulango unaingia na mizigo yake yote. Niliona mabega yake yanashuka. Alipangusa uso kwa mugongo wa mukono, na ndizi kidogo ikabaki kwenye shavu.

"Bibi alikuwa anasema hapa mulikufa na njaa," alisema. "Tangu mudogo nilikuwa nawaza, alikufa na tumbo tupu. Hilo njo lilikuwa linanisumbua, si masasi. Aksanti, mama."

Aliacha kuniita mama mukubwa kuanzia hapo.

Arusi ilikuwa nzuri, sina la kusema. Wageni walivuka bila kulowa, viatu safi, wa Punia walifika wote. Kwenye karamu, zamu ya upande wa Pangi kusema ilipofika, walimusimamisha yeye. Akanionyesha kidole mbele ya watu wote. Akasema: huyu mama, wakati watu walikuwa wanafichana chakula, alimugawia mama yangu uji asubuhi ile ya mwisho, hata miye nilikula. Watu wakapiga makofi. Wazee wa Pangi wakanyanyuka, wakaja kunishika mukono mumoja mumoja.

Mudogo wangu alikuwa amekaa karibu nami, mama wa bibi-arusi, kitambaa kikubwa kichwani. Hakupiga makofi. Aliniangalia kidogo tu, kisha akaishika sahani ya samaki na kuipeleka kwa wageni wa meza nyingine, ijapokuwa kulikuwa na vijana wa kazi hiyo. Tangu siku ile ananisalimia vizuri. Havuki kuja kwangu.

Yule wa Pangi naye anapiga simu kila Jumapili. Amesema kiangazi atakuja na watoto wake, na hawatakaa siku mbili, watakaa mupaka shule zifunguliwe. Chumba atakachotaka najua, ni kile cha mama yake. Nimekwisha kumwita fundi, abomoe ule mulango aweke mupya.