Mahindi Yetu Kwenye Uwanja wa Ndege

Miaka ile miwa ilipokuwa miwa, sisi wanawake wa upande wa Matete tulianika mahindi kwenye uwanja wa ndege. Hatukuona ajabu. Mvua yetu huja alasiri kama mtu aliyeajiriwa, na kabla haijafika unahitaji mahali pakavu, pagumu, pasipo na kivuli. Kwetu miwa ilikuwa imepandwa hadi mlangoni. Palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: ule uwanja wa murram, changarawe nyekundu, wa shamba kubwa la miwa, ulioshindiliwa kwa mashine hadi ukawa mgumu kama sakafu.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Askari wa uwanja alitundika kipande cha reli kwenye mlingoti. Akisikia injini kwa mbali, anakigonga kwa nyundo, nasi tunavuta magunia kando, tunavuta na watoto. Ndege ikishatua tunarudisha. Wakubwa wa shamba walituona na wakanyamaza, maana nusu ya wale wanawake walikuwa wake wa wakata miwa wao.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mjukuu wangu wa kike alinipigia simu juzi kutoka Nairobi. Anataka kuwa rubani. Ameambiwa aanze na zile ndege zisizo na injini, zinazovutwa juu kwa kamba kisha zinaachwa zielee. Baba yake anasema huko ni kupoteza wakati.

"Kukhu," akaniuliza, maana ndivyo tunavyomwita bibi, "wewe ulimwona yule Kuka wetu akijifunza. Ilimsaidia ama haikumsaidia?"

Angemuuliza mwenyewe, lakini amepumzika. Nimebaki mimi. Majina ya watu wote wa siku zile ninayo kichwani, hata la mbwa wa askari, lakini sitayaandika. Wana wajukuu wao, na wengine ni wepesi kukasirika.

Huyo Kuka, yaani babu yake, alikuwa shemeji yangu, kitindamimba wa mama mkwe wangu. Nilipoolewa nilimkuta amevaa kaptula ya shule, anakula kuliko ng'ombe. Alipokua akapata kazi ya ufundi wa magari upande wa Nyeri, mahali ambapo Wazungu walikuwa na ndege zao zisizo na injini. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kuvuta kamba. Hawakuwa na pesa za kumwongeza, kwa hiyo wakawa wanampandisha na kumfundisha. Siku aliyorudi nyumbani na kutuambia kwamba anajua kurusha ndege, mama mkwe aliweka chini sahani ya obusuma, ugali wetu.

"Haina injini?"

"Haina, Mama."

"Sasa ikichoka?"

"Inashuka."

"Inashuka wapi?"

"Mahali nimechagua. Ukiwa juu, kila wakati unajichagulia mahali pa kushukia."

"Na ukichagua vibaya?"

"Ndiyo maana unachagua mapema."

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe ndiye ulikuwa unampikia. Ulimpikia nini huyu?"

Jioni hiyo walikuwa wanachoma shamba la miwa lililokomaa, ng'ambo ya mto, ili wakataji waingie kesho yake. Majivu meusi yalikuwa yakianguka juu ya nguo nilizoanika. Shemeji akamshika mama yake mkono, akamtoa nje. Juu ya ule moto walikuwa mwewe wengi, wanazunguka, wanapanda, wala hakuna aliyepiga bawa.

"Unawaona? Hewa ya moto inawabeba. Na mimi nafanyanga vile vile."

"Mwewe amezaliwa na mabawa," mama mkwe akasema. "Wewe nilikuzaa mimi, na nilikuangalia vizuri."

Alikuwa amerudi kwa sababu ameajiriwa kwenye karakana ya trekta ya shamba kubwa. Rubani wa lile shamba kubwa alikuwa Mhindi mzee, mzaliwa wa Kisumu. Kila asubuhi alikagua miwa kutoka juu kwa ndege ndogo ya viti viwili, na macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Shamba lilimwambia atafute kijana amfundishe kabla hajastaafu. Shemeji akasikia, akaenda kujieleza.

Mimi niliuza chai, viazi vitamu na njugu kando ya uwanja. Kwa hiyo masomo yake yote niliyaona, na malalamiko ya mwalimu wake niliyasikia, maana rubani alikuwa mtu wa kunywa chai akilalamika.

"Mama Chai," aliniambia siku moja, "huyu shemeji yako iko na miguu mzuri sana. Mimi nafundisha watu miaka mingi, miguu yao lala kama viazi yako hii. Yeye nakanyaga pedali kushoto, nakanyaga kulia, ndege nakwenda sawa kama maji kwa sufuria. Hiyo nafunzwa kule kwa ndege bila injini."

"Basi si vizuri?"

"Ngoja. Miguu mzuri. Lakini kichwa nasahau injini! Iko mbali na uwanja, napunguza moto, nakuja polepole, kimya, kama mwizi. Mimi nauliza, bwana mdogo, hii injini ni mapambo? Yeye nasema hapana mzee, lakini tutafika tu. Kufika nafika! Kila siku nafika pale pale. Ndiyo taabu. Mtu akifika kila siku, utamwambia nini?"

Nilimpelekea shemeji maneno hayo, akacheka. Hata hivyo nilijua yanamuuma. Kule alikojifunzia, alinieleza, hakuna kurudi juu. Ukianza kushuka umeshuka, unatua mara moja tu. Mwili wake ulikuwa umekwisha kuamini hivyo. Usiku alikaa jikoni kwangu na kusukuma mwiko mbele, kusukuma mbele, akiufundisha mkono wake kusukuma kile kishikio cha kuongeza moto wa injini.

"Shemeji, huo mwiko utaruka na obusuma yangu," nikamwambia.

"Ukiruka nitakununulia mwingine. Wenye injini."

Kisha rubani akatoa uamuzi wake, mbele ya meza yangu ya chai, mimi nikisikia. Kesho yake atamwacha kijana aende peke yake, azunguke hadi upande wa Lugari na kurudi. Akirudi kama rubani, atampeleka Nairobi kwa mtihani na shamba litalipa. Akirudi kama mwewe, arudi kwenye matrekta, atafutwe mtu mwingine. Shemeji aliitikia, "Sawa, mzee." Jioni hiyo chakula alikiacha, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu niolewe.

Asubuhi ya siku hiyo tuliwahi wote. Mama mkwe alisema haendi kutazama mtoto wake akijiua. Halafu akaja na magunia mawili ya mahindi, ili isionekane amekuja kutazama. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, akishaketi hainuki upesi. Ndege iliondoka, ikawa ndogo, ikapotea upande wa Lugari. Sisi tukatandika magunia, tukamwaga mahindi, na mama mkwe akakaa katikati ya uwanja kabisa, miguu ameinyoosha, fimbo mkononi ya kufukuza kuku.

"Mama, sogea kando," nikamwambia.

"Si nitasikia ikija? Ile kitu inapiga kelele kama kinu."

Na kweli, sote tulikuwa tukitegemea masikio. Askari alikaa chini ya mlingoti na nyundo yake. Rubani alisimama karibu na mapipa ya mafuta, amevaa kanzu yake nyeupe, kikombe changu mkononi, anatazama angani. Mawingu yalianza kujikusanya mapema. Barabarani zikapita trekta za miwa, moja nyuma ya nyingine, zikinguruma na minyororo yake.

Kuku ndio waliojua kwanza. Jogoo alitoa ule mlio wa kuonya mwewe, mnaufahamu wafugaji, na kuku wote wakakimbilia ndani ya miwa wakiwa wameinamisha vichwa. Nikainua macho kumtafuta mwewe nimfukuze.

Ilikuwa ndege. Ilikuwa imeshashuka, inatutazama usoni, kubwa, na haina sauti kabisa. Nililiona panga la mbele likizunguka kivivu. Niliona magurudumu. Askari aliinua nyundo kugonga reli, kwa haraka akaikosa. Wanawake wakatawanyika. Mimi nikamkimbilia mama mkwe, nikamshika makwapani, nikavuta. Alikuwa mzito, na badala ya kunisaidia akawa anakusanya mahindi kwa mikono miwili.

"Mama! Acha mahindi!"

"Ni yangu!"

Nikasema moyoni, sasa huyu anatua, maana anajua kutua mara moja tu.

Hapo injini ikalia. Ililia kama kitu kilichokumbuka jina lake. Pua haikuinuka mara moja. Ndege ilikuja kwanza mbele, chini vile vile, halafu taratibu ikaanza kupanda, ikapita juu yetu. Upepo wake ukabeba magunia, ukabeba vitambaa vya vichwa, na mahindi ya kijiji kizima yakachanganyika. Nilikuwa nimelala juu ya mama mkwe. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Amenona yule mtoto?" Sikumwelewa. Nadhani alitaka kuuliza amepona.

"Amepanda juu, Mama. Mtazame."

Shemeji alizunguka upande wa mto, na safari hii alikuja akinguruma tangu mbali, kila mtu akisikia. Tulikuwa tumeshavuta kila kitu. Akatua pale pale ambapo hutua kila siku.

Rubani alimwendea polepole. Niliifuata ile kanzu yake nyeupe nikijifanya naenda kuchukua kikombe. Kikombe alikuwa amekishika bado, na chai yote ilikuwa imemwagika juu ya viatu vyake.

"Kwa nini kuja kimya?"

"Mazoea, mzee." Shemeji alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri viboko. "Nilipunguza moto mbali. Nikaona naweza kufika."

"Uliona watu lini?"

"Mapema kidogo. Nilidhani watatoka. Halafu nikaona yule aliyekaa hatoki, nikamjua."

"Ungekuwa kwa ile ndege yako ya kamba, ungefanya nini? Hapo hakuna injini."

Shemeji akanyoosha kidole kando ya uwanja, kwenye ukanda wa majani uliokuwa kati ya murram na miwa. "Ningetua pale. Nilikuwa nimeshapachagua."

"Leo, na injini iko, wewe nachagua pale?"

"Kila siku nachagua, mzee. Siwezi kushuka kabla sijachagua mahali pa pili."

Rubani akautazama ule ukanda wa majani. Akakitazama kikombe, akaona hakina kitu, akanirudishia.

"Mimi narusha ndege tangu ujana," akasema. "Wanafunzi wangu wengine, injini ikikubali, iko na njia moja. Injini ikikataa, hapana njia. Huyu leo alikuwa na mbili, na alichagua ile nzuri." Akamsogelea shemeji, akamgonga kifuani kwa kidole. "Lakini alichagua kwa kuchelewa! Kimya-kimya iachie mwewe. Wewe nakwenda Nairobi wiki ijayo, na kila siku mpaka siku hiyo utatua na injini ikilia, mpaka mimi nachoka kusikia. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Nilitaka kupiga vigelegele, lakini mama mkwe alinitangulia. Alikuwa amejikokota hadi pale kwa fimbo yake, kichwa wazi, nywele zimejaa vumbi jekundu. Tukadhani atalia. Akamkazia macho mwanawe.

"Wewe. Hata kama umezaliwa hapa. Mtu anaingia kwa watu bila hodi?"

"Nisamehe, Mama."

"Na mahindi yangu?"

Tuliyaokota sote, shemeji, askari, hata rubani na kanzu yake, tukipiga magoti kwenye murram huku ngurumo zikianza upande wa msitu. Kwa kuwa yalikuwa yamechanganyika, tuligawana kwa makadirio, na wanawake wawili waliondoka na mengi kuliko waliyokuja nayo. Majina yao ninayo pia.

Shemeji alifaulu mtihani. Akakagua miwa kutoka juu hadi nywele zikawa nyeupe, na aliporudi kutoka safari yoyote alipita kwanza juu ya boma akiunguruma, mara mbili. Mama mkwe, akiwa jikoni, alijibu kwa sauti kana kwamba anasikika, "Karibu!" Kuku walikimbilia kwenye miwa vilevile. Hao hawakuzoea kamwe.

Kwa hiyo nilimjibu mjukuu wangu hivi. Nilimwambia ilimsaidia Kuka wake, ilimpa miguu, na ilimpa macho ya kutafuta mahali pa kushukia kabla ya shida. Nilimwambia pia ilimpa tabia ya kuja kimya, na hiyo ilibidi aiache, na karibu aiache juu yetu. Aanze na ile isiyo na injini kama anapenda. Siku akihamia yenye injini, akumbuke anayo.

"Kwa hiyo Baba amekosea?"

"Baba yako hakuwepo. Alikuwa mgongoni kwa dada yake, amelala."

Akacheka. Akaniambia ataanza mwezi ujao, kule kule upande wa Nyeri, na akaniuliza kama nitakuja kumtazama siku atakapoachwa aende peke yake. Nimemwambia nitakuja. Nitabeba njugu, na nitakaa kando.