Vijiti vya Mihogo vya Bi Riziki

Mwalimu Esta alipopanga chumba kwa Bi Riziki, kule Ziwani, barua yake ya kazi ilisema "temporary", yaani kwa muda tu. Basi kila Bi Riziki alipompa vijiti vya mihogo apande nyuma ya nyumba, alivikataa: "Nitaondoka kabla haijakomaa, mama."

Leo imefika barua nyingine. Bi Riziki, asiyejua Kiingereza, aliusoma uso wa Esta.

"Wanakuchukua?"

"Wameandika 'permanent', mama."

"Ndiyo nini hiyo? Usinizungushe, mwanangu!"

Esta aliikunja barua, akavua viatu. "Ni kwamba unionyeshe jembe lilipo."

Bi Riziki alitoa vijiti vibichi nyuma ya mtungi. Alivikata asubuhi ile, kabla barua haijaja.